Shina la Pembe Nne

Kazi yangu ilikuwa pua. Wengine kiwandani kwetu walitumia mikono, wengine mgongo, wifi yangu alitumia mdomo, na mimi nilikaa kwenye kigoda kando ya geti nikanusa. Mkulima akileta fungu la kivumbasi, nachomoa tawi moja katikati, nafikicha majani mawili, napeleka puani, na hapo hapo natoa hukumu: lipite au lirudi lilikotoka. Miaka kumi na moja nilifanya hivyo bila kukosea, na asiyeamini akawaulize wakulima, maana wapo ambao hawajanisamehe mpaka leo. Wao ndio walionibandika jina la Mama Pua. Walidhani wananitukana, kumbe mimi nililipenda.

Nikisema kiwanda, msifikirie mitambo na watu wa kofia ngumu. Ni nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mpana nyuma. Mwenyewe ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, mwanamke mrefu asiyejua mzaha saa za kazi. Mdogo wao, yaani shemeji yangu, ndiye anayepika mafuta, na kwa kazi hiyo tunamwita Mvuke. Anashindilia majani kwenye pipa la chuma, anachochea moto chini, mvuke unapanda na mafuta, unapita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, kisha unadondoka chupani tone kwa tone. Mafuta yanaelea juu ya maji, nayo ni machache. Pipa zima la majani halijazi hata kikombe.

Kwa asiyekijua kivumbasi nitamweleza, kwa kuwa siku hizi watu wanakariri majina ya dawa za dukani na hawajui kinachoota nyuma ya choo chao. Ni mmea wa kufika kiunoni, ukipata mvua nzuri unafika kifuani. Majani yake yanakaa mawili mawili yakitazamana, yana meno madogo pembeni na vinyweleo laini. Maua yake ni madogo, meupe yenye kuelekea zambarau, yamejipanga juu ya kijiti ghorofa kwa ghorofa, na nyuki hawabanduki hapo. Ukiligusa jani tu, harufu inakurukia: ina ukali wa karafuu, ina ubaridi wa kafuri, na nyuma yake kuna utamu ambao sijapata jina lake. Mwenye mafua anajifukiza nacho. Mwenye tumbo la kukata anachemshiwa majani machache. Ukikitundika dirishani mbu wanaona taabu kuingia, na ukitia majani makavu kwenye gunia la maharage wadudu wanahama wenyewe.

Lakini kina ndugu wa bandia. Katika mashamba ya huku kunaota gugu moja lenye majani yanayofanana nacho kama pacha, hasa yakishanyauka. Sisi tunaliita bubu, kwa sababu ukilifikicha halisemi kitu, halina harufu hata chembe. Ubaya wake ni utomvu. Ukimpata mtu kwenye ngozi, anajikuna mpaka anavimba. Kwa hiyo kigoda changu pale getini hakikuwa cha mapambo. Mafuta yetu anayachukua mfamasia mmoja wa mjini, anayachanganya na mafuta mazito, matone machache kwa kila kopo, na watu wanawachua watoto wenye vikohozi.

Basi, mafua yalinikamata. Yalinilaza siku nne, na siku ya tano nikainuka, nikaingia jikoni, nikakata kitunguu. Macho yalitoka machozi kama kawaida, pua ikakaa kimya. Nilikisogeza kitunguu mpaka kikagusa pua. Kimya. Nikanusa sabuni, nikanusa mafuta ya taa, nikanusa kwapa langu mwenyewe, Mungu anisamehe. Sikusikia kitu. Nikachemsha sufuria ya kivumbasi, nikajifunika blanketi gubigubi nikajifukiza mpaka nikaiva kama kiazi. Mafua yaliyobaki yalikimbia yote. Harufu haikurudi.

Kesho yake nilikwenda kazini na sikumwambia mtu.

Msinihukumu haraka. Niliogopa, nasema wazi. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, ujuzi wangu wote unakaa katikati ya uso, na ule uso sasa ulikuwa ukuta. Nilijiambia itarudi kesho. Siku tatu nzima nilifanya maigizo pale getini. Nafikicha majani, nayapeleka puani, nafumba macho, navuta pumzi ndefu, nakunja uso kidogo kana kwamba nimepata shaka, halafu naitikia kwa kichwa: pita. Nililirudisha fungu moja au mawili bila sababu yoyote, ili tu nionekane bado nina ukali. Mama mmoja mkulima aliniapia kwamba majani yake ni mazima, na mimi nikamkata kauli kwa sauti ya juu. Aliondoka analia. Hilo bado linanichoma.

Usiku wa siku ya tatu nililala macho. Ndipo nikamkumbuka mama mkwe, aliyenifundisha kazi hii. Kabla hajaniruhusu kunusa alinifumba macho kwa kitambaa, akanipa vijiti, akaniambia nivizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la kivumbasi lina pembe nne. Ukilizungusha linakwama, linagonga, kama penseli ya mraba. Shina la bubu ni la mviringo na linateleza. Nilikuwa nimelisahau somo hilo kwa sababu pua ilinifanya mvivu. Tangu siku ya nne nikaacha kuchomoa tawi moja tu. Nilifungua kila fungu, nikapitisha mashina yote vidoleni, moja moja. Foleni ilirefuka, wakulima wakanung'unika, wifi akaniuliza kama nimeanza kuzeeka. Nikamjibu kwamba watu wameanza ujanja, lazima tuwabane. Uongo ukishauanza unahitaji kulishwa kila siku.

Siku zikaenda hivyo mpaka ikatimia ya kumi na nane tangu nirudi kazini. Ilikuwa saa sita mchana, nimetoka kula, wifi akatoka ofisini na simu mkononi.

"Mfamasia kapiga," akasema. "Anasema makopo ya ule mkupuo wa kwanza wa mwezi yasitumike mpaka aje. Ameshayatoa yote rafuni."

"Kwa nini?"

"Ningejua ningekwambia. Alikuwa na wateja, akakata."

Akarudi ndani. Mkupuo wa kwanza wa mwezi ulitoka kwenye majani ya zile siku tatu. Siku zangu za maigizo, zote tatu, mle mle kwenye makopo. Na kopo moja kati ya hayo mfamasia alinipa mimi mwenyewe kama zawadi, nami siku nne zilizopita nikampelekea binti yangu, kwa sababu mjukuu wangu wa miaka miwili alikuwa anakohoa. Nilimwambia kwa mdomo wangu: mchue kifuani na mgongoni, asubuhi na usiku, usimwonee huruma.

Nilimpigia binti. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Yeye ni fundi wa kushona, anashonea nyumbani, na cherehani yake ikianza kunguruma hata nyumba ya jirani ikianguka hasikii.

Nilichukua mkoba nitoke kwa mlango wa nyuma. Huko nyuma ndiko Mvuke anakorundika majani yaliyokwisha kupikwa yaoze yawe mbolea. Kila siku ina rundo lake, na kila rundo limechomekwa kijiti chenye tarehe, maana shemeji yangu ana wazimu wa mpangilio. Nikaziona zile tarehe tatu. Sikuweza kupita. Nilipiga magoti kwenye rundo la kwanza nikaanza kuchomoa mashina na kuyazungusha vidoleni, haraka haraka, pembe, pembe, pembe.

"Shemeji, kuna kuku kataga humo?" Mvuke alikuwa amesimama nyuma yangu na beleshi lake.

"Niache."

"Unatafuta bubu."

Nikageuka. Alisema bila kucheka, na yeye kucheka ndiyo dini yake.

"Nani kakwambia natafuta bubu?"

"Nimejua pua yako imezima tangu asubuhi ya kwanza uliporudi," akasema. "Nilikuwa nimetoka kupakia samadi ya mbuzi kwa jirani, sijanawa hata mikono. Nikapita mbele yako nikingoja matusi. Ukaniambia, 'Shemeji, umependeza leo.' Miaka kumi na moja hujawahi kuniona nimependeza, hata siku ya harusi yangu ulisema nimevaa pazia."

Ningeweza kucheka kama si hofu iliyonijaa. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Nimwendee dada nimwambie Mama Pua hana pua? Nilikaa kimya nikafanya kazi yako. Siku ile na ya pili yake nilifungua mafungu yote upya kabla ya kuyatia pipani. Nikapata bubu matawi matano hivi, nikayachoma. Baadaye nikaona umeanza kupapasa mashina, nikajua umejipatia njia, nikaacha."

"Na siku ya tatu?"

Akajikuna shingo. "Siku ya tatu nilikwenda kung'oa jino. Dada ndiye alijaza pipa."

Nililihamia rundo la tatu kwa magoti. Mvuke akaliweka beleshi chini akapiga magoti upande wa pili. Tulichambua shina kwa shina, majani meusi yaliyolowa yakinata mikononi. Nilipata shina moja linaloteleza. Nikalizungusha tena nikitamani likwame, halikukwama. Yeye akapata mawili.

"Matatu katika pipa zima," akasema. "Shemeji, hayo si kitu. Utomvu wenyewe sijui hata kama unapanda na mvuke."

"Hujui," nikamwambia. "Na mimi sijui. Na mtoto ana miaka miwili."

Alinyanyuka akanipa mkono nikasimama. Akataka kumwita dada yake, nikamzuia. Nilimwambia hilo ni langu, nitalisema mwenyewe, lakini kwanza nimwone mtoto.

Kutoka kiwandani mpaka kwa binti yangu ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu wa umri wangu. Sijui nilitumia ngapi. Nakumbuka ndala yangu moja ilikatika kamba mbele ya banda la fundi viatu, naye akaniita, "Mama, leta nikushonee!" nami nikaivua nikaendelea mguu mmoja peku. Kichwani nilikuwa naiona ngozi ya yule mtoto imevimba, naona kucha zake ndogo zinajikuna, na najiona mimi nimefumba macho pale getini kwa madaha navuta pumzi ya uongo. Nilijichukia. Sijawahi kujichukia namna ile.

Cherehani niliisikia tangu barabarani. Nikaingia bila kubisha hodi.

"Mtoto yuko wapi?"

Binti yangu alishtuka mpaka mguu ukateleza kwenye pedali. "Mama? Kiatu chako kiko wapi?"

"Nimekuuliza mtoto yuko wapi!"

Alikuwa chini ya meza ya kukatia nguo, amekaa kitako, anapanga reli tupu za uzi. Nikamvuta nje, nikamvua fulana. Nikamtazama kifua. Nikamgeuza nikatazama mgongo. Nikamwinua mikono nikachungulia makwapa, nikapanua mikunjo ya shingo, nikatazama nyuma ya masikio. Yeye alidhani namtekenya, akawa anajipinda na kucheka mpaka kwikwi ya kicheko ikamshika. Halafu chini ya bega la kushoto nikaona doa jekundu, kubwa kama kifungo.

"Hili nini?" nikapiga kelele. "Hili nini mgongoni kwake?"

Binti akainama. Akalamba kidole, akalisugua doa, likatoka.

"Chaki yangu ya kitambaa, mama. Anailalia. Una nini leo?"

"Ile dawa niliyokuletea. Umempaka?"

"Nimempaka kama ulivyosema, tangu siku ile. Asubuhi na usiku. Kikohozi kimekwisha jana, leo nimempaka ya mazoea tu."

"Hajajikuna?"

"Ajikune ana nini?"

Nilikaa chini palepale, juu ya marundo ya vipande vya vitambaa, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Nililia na nikacheka kwa wakati mmoja, mtoto akanitazama kwa mshangao, halafu akaja akanipa reli moja ya uzi ili ninyamaze. Siku nne, mara mbili kwa siku, na ngozi safi kama alivyozaliwa. Nilihisi mtu amenishusha gunia begani. Kumbe tangu siku ya kwanza ya uongo wangu sikuwa nimevuta pumzi yote mpaka chini.

Simu ikalia mkobani. Alikuwa wifi.

"Umetoroka kazi," akasema. "Mvuke anaumauma maneno tu. Nimeongea na mfamasia. Ni vifuniko."

"Vifuniko?"

"Vifuniko vya yale makopo havikazi. Mafuta yanavuja, yamemchafulia rafu nzima. Anataka kubadilisha makopo. Mafuta yenyewe anasema hayana neno hata kidogo."

Vifuniko! Ningeweza kushukuru, nikakata simu, nikaenda kutafuta kiatu changu. Hakuna ambaye angejua. Mvuke asingesema, maana alikwisha kunyamaza siku kumi na nane. Nilimtazama mtoto, na doa la chaki lililobaki kidoleni mwa mama yake, nikaona siwezi kuirudia ile safari niliyotoka kuikimbia.

"Wifi," nikasema, "usikate. Pua yangu imekufa. Tangu nilipougua sisikii harufu yoyote. Siku tatu za kwanza nilipitisha mafungu kwa kuigiza. Tangu ya nne nayapima kwa mashina, na hayo nakuhakikishia. Lakini leo kwenye rundo la siku ya tatu tumepata bubu matatu, nayo yamo katika mkupuo ule."

Nikasikia anafunga mlango wa ofisi.

"Siku kumi na nane," wifi akasema.

"Ndiyo."

"Na kila asubuhi nilikusalimu, nikakuuliza umeamkaje, ukanijibu salama."

"Ndiyo, wifi."

"Nimekasirika. Nataka ujue hivyo. Nitakasirika leo, na kesho, na keshokutwa nitaangalia. Ule mkupuo haurudi rafuni. Nampigia mfamasia sasa hivi, namwambia kisa chote, vifuniko na bubu. Aliyenunua kopo na alirudishe."

"Sawa."

"Wewe kesho uje mapema. Kuna watu sita hapa na hakuna hata mmoja anayejua habari ya mashina. Mimi mwenyewe sijui, na mama aliyekufundisha ni mama yangu! Utatufundisha wote, nikiwemo mimi. Halafu Jumatatu nakupeleka hospitali hiyo pua itazamwe, na usiniambie kwamba umejifukiza."

"Nimejifukiza, wifi."

"Nilijua," akasema, akakata. Mwishoni nilisikia sauti yake imelegea kidogo, au pengine nilitaka kusikia hivyo.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya cherehani muda wote, mkono mdomoni. Nilingoja anikaripie, na alikuwa na haki. Alikuja akakaa nami kwenye vitambaa, bega lake likagusa langu.

"Kwa hiyo juzi nilivyounguza chakula ukala ukasema kitamu?"

"Sikujua kimeungua."

"Mama!" Alicheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. "Husikii hata harufu za watu? Yangu? Ya huyu?"

Mtoto alikuwa amepanda mapajani mwangu, bado kifua wazi, amechoka kwa kutekenywa. Nikamkumbatia, nikaingiza pua yangu shingoni mwake, pale ambapo tangu alipozaliwa nimekuwa nikimnusa kila ninapomshika, kabla hata ya kumsalimu mama yake. Nilivuta pumzi ndefu. Hewa ilikuwa ya vuguvugu, basi. Joto lake nililipata, mapigo ya moyo wake niliyapata, ulaini wa ngozi ambayo sikuiharibu niliupata wote shavuni kwangu. Harufu haikuwepo.

"Ananukaje?" nikauliza.

Binti akainama upande wa pili wa shingo ile, akanusa taratibu.

"Jasho," akasema. "Jasho la mchana, lile tamu. Maziwa kidogo kwenye kidevu. Vumbi la vitambaa." Akanusa tena. "Na kivumbasi, mama. Kwenye nywele, mgongoni, kila mahali. Kama amelala shambani."

Nilimshikilia mtoto, naye akaanza kusinzia.

"Endelea," nikamwambia.